Mashine Iliyoyaona Meno ya Plastiki

Kazi yangu ni kupiga picha meno ya watu. Nikisema hivyo kwenye vikao vya harusi wenzangu hucheka, wanadhani nazungumzia watu wakitabasamu. Nazungumzia eksirei. Mtu anang'ata kijiti, mimi natoka nje ya mlango, nabonyeza kitufe, na nikirudi taya lake limeshatokea kwenye kompyuta. Kliniki iko Kambarage, mjini Shinyanga, na mimi nakaa Ngokolo, kwa hiyo naenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na njiani nasalimiana na watu ambao mizizi ya magego yao naifahamu kuliko majina yao.

Kliniki ni ya binafsi. Mwenyewe ni mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, na familia yao ilikuwa Shinyanga kabla baba yangu hajazaliwa. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake akauza vipuri, yeye akaamua kuuza meno. Ni mtu wa swala tano na mashine mpya. Kila akisafiri anarudi na boksi. Aliwahi kurudi na mtambo wa kuchonga meno: unapitisha kikamera mdomoni mwa mgonjwa, kompyuta inachora jino lililokosekana, kisha mashine inalichonga kutoka kwenye kipande cheupe kama cha sabuni. Siku za mwanzo akaja dalali wa dhahabu kutoka Geita, akataka jino la mbele la rangi ya dhahabu, kama la baba yake. Daktari akapekua kwenye kompyuta. Zilikuwepo nyeupe za kila namna, lakini rangi ya dhahabu haikuwepo. Dalali akaondoka amenuna, akiuliza hii ni mashine gani isiyojua imeletwa wapi. Tulicheka sana siku ile.

Balaa lenyewe halikuja ndani ya boksi, lilikuja kwa mtandao. Ilikuwa programu inayosoma eksirei peke yake. Kabla daktari hajavuta kiti, imeshapaka rangi: kijani ni jino zima, njano ni la kuangaliwa, na penye tatizo inazungushia kiboksi chekundu. Nasema ukweli, niliipenda. Iliona vidoa ambavyo macho yangu yalikuwa yanavipita, na haikuchoka saa kumi jioni kama mimi. Daktari wetu, kijana aliyetoka chuo Dar es Salaam juzi juzi tu, alitaka kuijaribu kwa mtu anayemfahamu, akanikalisha mimi kwenye kiti.

Taya langu la juu likawa kijani tupu. La chini nalo likawa kijani, isipokuwa sehemu mbili, kushoto na kulia, pale zinapokaa chonge. Hapo programu ilichora meno mawili kwa nukta nukta, matupu katikati. Ndivyo inavyofanya pale ambapo jino lilitakiwa liwepo na halipo.

"Uling'oa lini haya?" daktari akauliza.

"Nilikuwa bado nanyonya."

Akageuka kunitazama. Alikuwa ameyasoma mambo hayo vitabuni, lakini hakujua kwamba alikuwa anakunywa chai kila siku na mtu aliyefanyiwa.

Kwa asiyejua, ni hivi. Mtoto mchanga akipata homa, akaharisha, akakataa ziwa, wapo watakaomfungua mdomo na kupapasa ufizi wa chini. Wakikuta vivimbe pale chonge zinapojiandaa kutoka, wanasema huyu ana meno ya plastiki. Wengine huyaita ya nailoni. Yanasemekana ni meno mabaya yanayomla mtoto kwa ndani, na kwamba mtoto mwenye meno hayo akichomwa sindano hospitali anakufa hapo hapo. Dawa yake ni kuyatoa, na yupo mtu wa kuyatoa, na chombo chake mara nyingi ni spoku ya baiskeli iliyonolewa. Anachimbua ufizi, anatoa kitu kidogo cheupe, laini kwa sababu jino bado halijakomaa, anakiweka kwenye kiganja cha mama. Mama anaona kwamba kweli kuna kitu, na kwamba kweli si kigumu kama jino. Miaka niliyozaliwa mimi jambo hili lilikuwa limeenea sana huku kwetu. Mama yangu aliogopa kunipoteza, akanipeleka, na spoku ikaharibu hata mbegu za chonge za ukubwani zilizokuwa chini yake. Homa yangu ikaisha, kwa sababu homa nyingine huisha zenyewe, na mama akabaki akiamini kwamba aliniokoa.

Simlaumu. Nasema hivyo kila mara, halafu nikipiga mswaki mbele ya kioo namlaumu.

Kwa hiyo tangu nianze kazi hii, kila mama aliyeingia na mtoto mgongoni nilimkalisha na kumweleza. Nikiona Kiswahili kinampita nahamia Kisukuma. Hakuna meno ya plastiki, nawaambia, ni meno tu, yanasubiri zamu yao. Mimi si mtu wa maneno laini, nikishapandisha sauti hata walioko nje wananisikia. Wanawake wale wananisikiliza kwa heshima zote, wanasema wabeja, asante, na wakirudi nyumbani wanafanya walichokusudia. Mmoja aliwahi kuniambia, tena kwa upole, kwamba mimi nazungumza hivyo kwa kuwa yangu yalishatolewa.

Daktari akaona nakosea. "Unatumia maneno mno," aliniambia. "Watu wanaamini wanachokiona. Tuwaonyeshe meno yenyewe ndani ya taya, ubishi utaisha."

Nilimwambia ni wazo zuri. Mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri, na ndiyo maana linaniudhi.

Tulikuwa na eksirei ya mtoto mdogo aliyeanguka kitandani na kuletwa kwetu tuangalie kama taya limevunjika. Ilikuwa picha safi. Ndani ya mfupa meno yote yalionekana yamejipanga, madogo, meupe, ya utotoni kwa juu na ya ukubwani yakianza kwa chini. Mimi nikiitazama picha ya namna hiyo huwa nafurahi, naona kama mtu amefungasha mizigo ya safari ndefu na hajasahau kitu. Daktari akaiweka kwenye skrini kubwa, tukaipakia kwenye gari pamoja na hema, tukaenda Segese.

Segese ni senta ya wachimbaji na wafanyabiashara, jirani na mgodi mkubwa, na siku ile watu walijaa. Walikuja wachimbaji waliopanda kutoka kwenye maduara, yale mashimo wanayoshukia kwa kamba, wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Walikuja wanawake wa mialoni wanaoosha mchanga wa dhahabu, miguu imekauka tope. Walikuja wafugaji na wake zao kutoka vijiji vya pembeni. Daktari alieleza kwa Kiswahili kizuri, mimi nikatafsiri kwa Kisukuma. Kwenye skrini, juu ya kila jino lililokuwa bado ndani ya ufizi, programu ilikuwa imechora kiboksi chekundu. Ilikuwa imefundishwa kwa midomo ya watu wazima, na kwa mtu mzima jino lililobaki ndani ya mfupa ni tatizo. Kwa mtoto ndiyo uzima wenyewe, ila programu haikujua mtoto ni nini. Daktari aliziacha rangi zile kwa sababu zilikuwa zinavutia macho.

Watu walikaa kimya. Nilidhani ni kimya cha watu walioelewa, nikafurahi. Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akasogea mpaka kwenye skrini, akaweka kidole karibu na kiboksi kimoja chekundu.

"Kumbe yapo," alisema.

Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa na kesi ya miaka mingi na leo amesomewa hukumu, ameshinda. Nyuma yake simu zikainuliwa juu, watu wakaipiga picha ile skrini. Nilipiga kelele kwamba sivyo, hebu sikilizeni, hayo ni meno yenu ya kawaida, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuitazama picha na kuniacha mimi. Garini nilimwambia daktari kwamba tumeharibu. Akasema watazoea, ni mara ya kwanza tu.

Bosi yeye aliona umati. Miezi si mingi baadaye akapangisha chumba pale Segese, ubavuni mwa duka la simu, akaweka mashine ya eksirei ya kushika mkononi, inayofanana na kamera ya mpiga picha wa harusi, na dada mmoja aliyepewa mafunzo mafupi. Daktari hakuwepo pale. Picha ikipigwa inasafiri kwa mtandao mpaka kwetu Shinyanga, programu inaisoma njiani, na kabla sisi hatujaifungua ujumbe umeshaingia kwenye simu ya mgonjwa. Daktari alijivunia sana. Alituambia hiki ndicho kinachokuja: mtu atafungua mdomo porini, kompyuta itamsoma, mashine itamchongea jino mjini, na sisi tutabaki kunawa mikono tu. Bosi alicheka akasema nyie na mishahara yenu. Nami nilicheka, maana yalikuwa maneno ya furaha na hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya.

Haikupita muda watoto wachanga wakaanza kutokea kwenye kompyuta yangu. Kila alasiri nikifungua picha za Segese, katikati ya magego ya wachimbaji nakuta kitaya kidogo kimejaa viboksi vyekundu. Hakuna sababu yoyote ya kumpiga eksirei mtoto wa miezi mitano. Nikampigia simu yule dada.

"Usipige watoto wachanga," nilimwambia.

"Dada shikamoo. Sasa nifanyeje? Wazazi wamejaa mlangoni, wanasema wanataka kupima ya plastiki. Na bosi kasema asirudishwe mtu."

"Waambie hayo ni meno ya kawaida."

"Nawaambia. Wananionyesha meseji."

Meseji yenyewe naikumbuka neno kwa neno, maana niliisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia. "Habari. Uchunguzi wako umekamilika. Tumeona meno ndani ya fizi yanayohitaji hatua. Usichelewe kupata matibabu." Basi. Ilikuwa meseji nzuri kwa mtu mwenye gego lililokwama. Mtoaji wa meno ya plastiki wa pale Segese, ambaye zamani ilimbidi ambembeleze mama na kumtisha, sasa alikuwa amekaa kwake anasubiri waje wenyewe, simu mkononi.

Nilikwenda ofisini kwa bosi bila hata kubisha hodi. Nikamwambia watoto wanachimbuliwa fizi kwa picha zetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, bosi si mtu mbaya, akamwita daktari. Daktari akasema ameshawaandikia watengenezaji na wamejibu kwamba suala hilo litashughulikiwa kwenye toleo lijalo.

"Toleo lijalo lini?" nikauliza.

"Inshallah karibuni," bosi akasema. "Lakini mama, mimi nawapima tu. Sijamwambia mtu akachimbue mtoto."

Nikatoka nimeubamiza mlango. Ndivyo nilivyo, naubamiza mlango halafu kesho yake narudi kazini kwa miguu yangu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaishi Segese. Mumewe alikuwa mchimbaji, na yeye alikuwa na kibanda cha kuuza chakula. Walimpata mtoto baada ya mimba kadhaa kuharibika, kiasi kwamba alipozaliwa hakuna aliyethubutu kushangilia kwa sauti. Alikuwa wa kike. Jina nilimpa mimi. Mama yetu alihama kijijini akaenda kukaa nao ili amlee mjukuu, na nilikuwa nikiwapigia simu nasikia wanagombana kwa raha zao, mama anataka mtoto afungwe hirizi kiunoni, mdogo wangu hataki. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne na alikuwa upande wangu siku zote. Kuhusu meno ya plastiki nilikuwa nimemweleza tangu ana mimba, na alinijibu, "Dada, mimi siyo wa porini." Kuhusu viboksi vyekundu sikuwa nimemweleza, kwa kuwa haikunijia akilini kwamba yeye anaweza kuingia kwenye kile chumba.

Alasiri moja nilifungua picha za Segese kama kawaida. Ya tatu au ya nne ilikuwa ya kitaya kidogo. Juu ya kila picha huandikwa jina. Lilikuwa lile jina nililompa mimi.

Nilikaa nikiliangalia kama mtu asiyejua kusoma. Kisha nikapiga simu kwa mdogo wangu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Shemeji hakupatikana, alikuwa chini ya ardhi, na huko mtandao haufiki. Nikampigia yule dada wa kile chumba.

"Wameshaondoka, dada," alisema. "Walikuja mama mtu na bibi yake mtoto. Mtoto alikuwa na homa sana. Sikujua kama ni ndugu zako."

"Wamepata meseji?"

"Inajituma yenyewe, dada."

Sikumbuki nilimwambia nini bosi. Nakumbuka alinitazama usoni, akatoa funguo za gari lake mwenyewe mfukoni, akamwita dereva, hakuuliza swali hata moja. Tulishika barabara ya Kahama, na kutoka Kahama tukashika ya Segese, nyuma ya malori ya mgodi yanayotimua vumbi mpaka huoni mbele. Dereva alikuwa anapita malori kwa fujo na mimi nilikuwa namwambia aongeze. Njia nzima nilikuwa napiga ile namba. Nilimchukia mama yangu njiani. Nilimchukia kwa sauti, dereva akisikia.

Tuliwakuta nyumbani, jua bado halijazama. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, mtoto amelala mapajani kwake, amefunikwa kanga, na kwenye kona ya ile kanga kulikuwa na damu. Mtoto hakuwa analia. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu yake mkononi, na aliponiona hakunisalimia, alininyooshea ile simu nisome.

"Nilibishana naye," alisema. "Dada, haki ya Mungu nilibishana naye mpaka mwisho."

Hapo ndipo waliponieleza. Mtoto alikuwa ameshikwa na homa kali. Mdogo wangu akataka kumkimbiza hospitali. Mama akampapasa ufizi, akasema ni ya plastiki, akasimama mlangoni, akasema mtoto huyu akichomwa sindano anakufa na sitakubali. Walivutana, majirani wakaja, wakagawanyika. Mwishowe mdogo wangu akapata wazo la mtu aliyesoma. Akamwambia mama: twende kwa mashine ya kina dada. Ikisema hayapo, unaniachia mtoto naenda naye hospitali. Ikisema yapo, nakusikiliza wewe. Mama akakubali. Mama yangu, ambaye hajawahi kukubali kushindwa hata kwenye bei ya nyanya, alikubali kwamba mashine ikimkatalia atanyamaza.

Wakaenda. Picha ikapigwa, meseji ikaingia, na dada wa pale alipogeuza kompyuta waione, vilikuwepo viboksi vyekundu. Mdogo wangu aliniambia aliviangalia vile viboksi akaona aibu kwa jinsi alivyombishia mama yake. Alikuwa ameahidi, akatimiza ahadi.

Mama alifungua pindo la kanga yake akanionyesha. Vilikuwa vitu vidogo vyeupe, vidogo kuliko punje za mchele.

"Ameshatulia," mama alisema. "Tangu yatoke ametulia."

Nilimnyang'anya mtoto. Sikutumia neno lolote la adabu. Mdogo wangu aliruka garini pekupeku, na mama akabaki amekaa mkekani akiwa amekishika kile kipindo, akiita jina langu, akisema msimchome, jamani, msimchome.

Hospitali ya Kahama walitupokea bila kutuchelewesha. Walisema ni malaria kali na damu imepungua mno, kwa ugonjwa na kwa kile kidonda. Walimwekea damu. Walimwekea dawa. Tabibu aliyemfungua mdomo aliufunga tena taratibu, akaniuliza mimi ni nani yake, nikamwambia mama mkubwa, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nauza vitenge. Shemeji alifika asubuhi na nguo za shimoni, akasimama ukutani asiguse kitu ili asichafue. Alasiri ya siku hiyo mtoto alifariki. Mdogo wangu hakupiga kelele. Alimwomba muuguzi ruhusa ya kumnyonyesha, kwa sababu maziwa yalikuwa yamejaa.

Tabibu alinifuata koridoni. "Malaria peke yake," alianza, "mngemleta na malaria peke yake..." Hakumaliza. Nilimshukuru kwa kutomaliza.

Tulimzika Segese. Bosi alikuja na mchele na sukari, akakaa na wanaume kwenye turubai, akasoma dua yake kimyakimya. Daktari naye alikuja. Alinishika mkono. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yangekuwa ya kweli, lakini nilipomwona uso wake ulivyovimba nikaona nitakuwa nampiga mtu aliyelala.

Toleo jipya lilikuja, kama walivyoahidi. Sasa ukiandika umri wa mtoto mchanga programu inakataa kusoma, inatoa onyo. Mwezi ule ule nikaanza kupokea kutoka Segese vitaya vidogo vya watu ambao kwa maandishi wana miaka ishirini. Nikampigia yule dada. Aliniambia wazazi ndio wanaotaka hivyo, akikataa wanakwenda kwa mtu mwingine mwenye mashine, maana siku hizi wapo wengine. Nilimtukana, akakata simu. Bado nafanya kazi pale. Kila kitaya nikikikuta nampigia mzazi mwenyewe, namba huwa ipo, na nazungumza mpaka koo linakauka. Wengine wananisikiliza. Wengine wananiambia, mama, sisi tumeiona picha.

Mdogo wangu hakutaka tena kukaa nyumba moja na mama. Hakumfukuza, alianza tu kulala kwa jirani. Kwa hiyo nilikwenda kumchukua mama, nikamleta kwangu Ngokolo. Wiki za mwanzo nilimpikia na kumfulia bila kumwongelesha zaidi ya shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na karo, mikono mapajani, kama mgeni.

Jumapili moja tumetoka kanisani akaniuliza, "Unayo ile picha?"

Nilikuwa nayo kwenye simu. Nilishajaribu kuifuta mara kadhaa nikashindwa. Niliiondoa rangi, nikaikuza, nikakaa chini karibu na kigoda chake. Sikupandisha sauti. Nilimwonyesha ya mbele, yale ambayo yangetoka kwanza na kumng'ata mama yake chuchu. Nilimwonyesha magego. Nilimwonyesha chonge, na chini yake vivuli vya meno ya ukubwani vikiwa vinaanza tu.

"Yote haya yalikuwa yake?" mama aliuliza.

"Yote yalikuwa yake, mayu. Kila mtoto anayo."

"Hata yale mekundu."

"Hata yale mekundu."

Aliitazama simu mpaka kioo kikajizima. Kisha akanishika kidevu, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo ninapokataa dawa, akauvuta mdomo wangu wa chini kwa kidole gumba, akapatazama pale pasipo na kitu, upande mmoja na upande wa pili. Nilikuwa nimekusudia miaka yote kumwambia neno siku akipatazama hapo, na sasa sikulitaka tena.

"Wewe niliambiwa tu, ng'wanone," alisema. "Nikabahatisha, ukapona. Huyu niliogopa kubahatisha. Huyu nilihakikisha."